Zulia Lililoitwa Sufi

Mwanangu, kuna siku moja ya soko pale Masimba ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na sasa nina wajukuu. Nikiikumbuka bado damu inanichemka. Nitakueleza polepole, maana nikiharakisha nitaanza kugombana na watu ambao wengine wameshakufa.

Nilikuwa kijana mwenye nyumba mpya. Tulikuwa tumemaliza kusakafia kwa saruji, nyumba ya kwanza yenye sakafu ya saruji kwenye kilima chetu cha Gesima, na Moraa, mke wangu, aliipiga deki kila asubuhi kama altare. Lakini baridi ya Gesima unaijua. Ukungu hulala juu ya majani chai mpaka jua linapanda, na sakafu ile ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Binti yetu wa kwanza, Kwamboka, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Kila akiinuka magoti yake yalikuwa ya baridi.

"Baba Kwamboka," Moraa akaniambia, "tafuta zulia la sufi, la manyoya ya kondoo. Usiniletee la plastiki."

Alijua anachosema. Kabla sijamwoa alikuwa akijifunza ushonaji kwa watawa, na chumbani mwao mlikuwa na zulia la sufi lililozeeka bila kuchakaa. Alinisimulia jinsi lilivyokuwa na joto msimu wa mvua, jinsi lilivyokataa kunuka uvundo hata nyumba nzima ikiwa na unyevu.

Basi nikaenda Masimba kwa Mokaya. Mokaya alikuwa na duka kando ya barabara, na kila Sabato tulikaa benchi moja kanisani. Nikamwambia mke wangu anataka sufi kwa sababu ya mtoto. Sikumficha kitu. Akakunjua zulia la kijani, zuri sana, akalipapasa kwa kiganja.

"Sufi tupu, ndugu," akasema. "Ningekudanganya wewe?"

Nikalibeba begani mpaka nyumbani.

Lilikuwa na harufu kali, kama rangi ya mafuta iliyopakwa jana. Mokaya alikuwa ameniambia harufu hiyo ni ya upya, itaisha. Haikuisha. Tulifunga madirisha kwa ajili ya baridi, na harufu ikakaa nasi mle ndani kama mgeni asiyeaga. Kwamboka akaanza kupiga chafya, kisha kukohoa, kisha kifua chake kikaanza kupiga mluzi kila akivuta pumzi. Asubuhi moja Moraa alimwinua kutoka kwenye zulia, akaona midomo imebadilika rangi. Hatukusubiri chai. Tulimfunga kwa kanga tukashuka kilima mbio.

Daktari aliyempokea hospitalini alikuwa mama mtaratibu. Baada ya kumpa mtoto dawa akatuuliza tunapikia wapi, kama moshi unaingia chumbani, kama ukuta una unyevu. Kisha akauliza, "Kuna kitu gani kipya ndani ya nyumba?"

Moraa akanitazama. Nikasema, "Zulia. Lakini ni la sufi."

"Siwezi kuapa kwamba ni hilo," daktari akasema. "Kifua cha mtoto kina maadui wengi. Lakini litoeni nje, mfungue madirisha mchana, tuone."

Tulilitoa. Mtoto akaendelea na dawa, nyumba ikapata hewa, na mluzi ukapungua mpaka ukaisha. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama lile lilikuwa sufi kweli.

Nilikata kipande cha lile zulia nikaenda nacho mjini Kisii, kwa mzee mmoja Mhindi aliyeitwa Ratilal. Familia yake iliuza mablanketi na vitambaa tangu wakati wa baba yangu, na wazee wetu walimwamini. Nikamwekea kipande juu ya meza. "Mzee, hii ni sufi?"

Alichomoa uzi mmoja, akawasha kibiriti. Uzi ule haukuungua kama nywele. Uliyeyuka, ukajikunja, ukadondosha tone jeusi, na ukatoa moshi uliotufanya wote wawili turudi nyuma. Kisha akachomoa uzi kwenye blanketi la sufi lililokuwa kwenye rafu yake, akauwasha. Ulitatarika kidogo, ukanuka kama nywele zilizoungua, na alipouondoa kwenye moto ulizimika wenyewe. Akausaga kwa vidole ukawa majivu.

"Sufi ni nywele," akasema. "Hii yako ni mafuta ya petroli yaliyovutwa yakawa uzi. Nani amekuambia ni sufi?"

Nikamwambia. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Nyumbani una kondoo?"

"Ninao, mzee. Baba alileta mbegu ya kondoo wa manyoya kutoka Molo."

"Na manyoya yao mnafanyia nini?"

"Tunayatupa."

Mzee yule alikasirika, mwanangu. Hakupaza sauti. "Mnatupa," akasema. "Kitu kinachoota upya kila mwaka kwa nyasi na mvua. Kinachokunywa unyevu wa nyumba na kuurudisha hewa ikikauka. Kinachoshika vumbi lisipae mpaka ukalikung'ute nje. Hicho mnatupa, halafu unatembea mpaka Masimba kununua takataka ya kiwandani umlazie mtoto. Huyo aliyekudanganya ni mwizi. Lakini wewe mwenyewe hukutazama hata mgongo wa mnyama wako."

Alinifungia ule uzi wa blanketi kwenye karatasi, akanipa na kibiriti.

Siku ya soko nikaenda Masimba na zulia lenyewe begani. Duka la Mokaya lilikuwa limejaa watu. Nikalitua mlangoni.

"Ndugu Mokaya, hili ni sufi?"

Akacheka. "Si nilikuambia? Sufi ya kisasa."

"Ya kondoo gani?"

Watu wakageuka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Njoo ndani tuongee kama Wakristo."

"Mwanangu alishindwa kupumua," nikamwambia. "Tutaongea hapa hapa."

Nikachoma uzi wake, kisha nikachoma uzi wa Ratilal. Kila mtu aliona, kila mtu alinusa. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amenunua zulia kama lile kwa ajili ya mjukuu wake mwenye pumu, alimsogelea Mokaya akamuuliza swali moja tu: "Ulijua?"

Mokaya aliangalia chini. Kisha akasema, "Mama, watu wanapenda neno sufi. Ni neno tu."

Ni neno tu. Mwanangu, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Angesema hakujua, ningemsamehe siku ile ile. Alijua, na alijua mtoto atalala pale. Yule mama hakumtukana. Alienda nyumbani kwake akarudi na zulia lake, akalitupa mlangoni juu ya langu, na kabla soko halijaisha wengine walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Mokaya alirudisha pesa za watu mbele ya macho yetu, na neno sufi hakulitamka tena dukani mwake.

Sisi tuliwakata kondoo manyoya. Tuliyaosha kwa maji ya moto, Moraa na mimi, mpaka mikono ikalainika kwa mafuta yake, tukayapeleka Molo kwa akina mama wanaosokota na kufuma. Lilirudi zulia la kijivu na jeupe, bila rangi ya dukani, bila gundi. Kwamboka alijifunzia kutembea juu yake. Sasa ni mama wa watu, na zulia lile bado liko sebuleni.

Kwa nini nakueleza leo? Kwa sababu juzi nimepita kwa jirani nikakuta wanachoma zulia kuukuu la plastiki katikati ya migomba. Moshi mweusi unaingia nyumbani kwa watoto, na mabaki yameganda udongoni kama lami. Hayataoza, mimi nitaoza kabla yake. Na dukani wamenunua jingine lile lile, limeandikwa sufi kwa herufi za dhahabu. Nilishindwa kujizuia. Nikawaambia ukweli, wakaona mzee amechanganyikiwa.

Basi wewe nisikilize. Usinunue jina, nunua kitu. Omba uzi, uuchome mwenyewe nje ya duka, na muuzaji akikataa, ondoka. Zulia la sufi halitibu pumu, wala sitaki useme nimekuambia hivyo; kuna hata ngozi ambazo sufi huziwasha. Lakini halikuletei sumu mpya ndani, haliwaki moto ovyo, na likichoka kabisa unalizika chini ya mgomba nalo linakuwa udongo. Litoe juani mara kwa mara, likung'ute, nondo wasilile. Fungua dirisha hata kama kuna baridi. Na kama una kondoo, kabla hujaenda dukani, mtazame mgongoni.

Na atakayekudanganya juu ya kitu atakacholalia mtoto wako, usione haya kusimama mlangoni pake ukamuuliza mbele ya watu.

Mungu wa mababu zetu akupe watoto wanaopumua bila kelele. Akupe mdomo usiouza uongo na sikio lisiloununua. Ukae salama, wewe na wote watakaovua viatu mlangoni kwako.