Marehemu Aliyegoma Dakika ya Kumi na Moja

Shemeji yangu alistaafu ufundi wa kompyuta akiwa na afya njema na hasira moja tu: kwamba dunia iliacha kutengeneza mashine alizozijua. Kiwanda kilichozitengeneza kilifungwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na ubongo wa mashine zile haukutengenezwa tena na mtu yeyote. Wastaafu wengine hufuga kuku. Yeye aliamua kufufua maiti.

Mkewe ni dada yangu wa damu, kwa hiyo nyumbani kwao naingia bila kubisha, na nina haki ya kusema. Miezi minane nimekula sahani ikiwa magotini kwa sababu meza ya chakula ilikuwa imetekwa.

Hakuwa peke yake, wazimu hupenda wenzake. Kulikuwa na Mwalimu Desimali, aliyefundisha hesabu mpaka wanafunzi wakampa jina hilo, na daktari wa meno wa mtaa wa pili. Kwa kuwa ubongo wa zamani haupatikani, walinunua kidude cha kisasa kisichozidi kiberiti, ambacho hakina tabia yake mwenyewe. Unakifundisha kuwa ubongo wa mashine yoyote unayoitaka. Mwalimu alikifundisha, ukurasa baada ya ukurasa, kutoka kitabu cha mafundi cha enzi hizo. Daktari alilehemu nyaya, maana ana mkono usiotetemeka na taa ya kuvaa kichwani, na hakuanza kazi hata siku moja bila kuiambia mashine, "Tulia, haitauma." Shemeji alileta boksi la zamani, kibodi, kioo cha herufi za kijani, na maoni. Maoni ndiyo yalikuwa mengi.

Mimi dude lote nililiita Marehemu.

Baada ya miezi saba Marehemu alifufuka. Wazee watatu wakakumbatiana mpaka kiti kikaanguka. Wakaanza kuandika barua, na katikati ya salamu herufi zikaganda. Wakazima, wakawasha, zikaganda tena. Mwalimu akatoa saa: dakika ya kumi na moja, kila mara, haipungui wala haizidi.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka hospitali. Mwalimu alikisomesha kidude upya tangu ukurasa wa kwanza, kama mtoto aliyerudishwa darasa. Daktari alizibua, akaziba, akafunga nyaya kwa uzi wa kusafishia meno. Shemeji alikuwa na jibu lilelile alilokuwa nalo tangu ujana: vumbi. Mashine yoyote iliyomshinda ilikuwa na vumbi. Akapiga marufuku kufagia chumba hicho, akaweka taulo lililolowa chini ya mlango. Wiki tatu zikapita.

Dada alivumilia, kisha yakamfika shingoni. Binti yao alikuwa amepata mchumba, na wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana.

"Baba watoto," alisema, "Jumamosi saa sita meza yangu naitaka. Hilo dude likiwa linafanya kazi, tutalitafutia mahali. Likiwa bado linagoma, nimeshaongea na yule wa toroli la vyuma chakavu."

"Mke wangu, wewe huijui hii mashine..."

"Naijua kuliko wewe. Nimeipigia chapa miaka sita."

Ni kweli. Dada alikuwa mpiga chapa idara ya maji, na shemeji ndiye fundi aliyekuwa akiitwa huko. Ndiko walikokutana. Kila sherehe shemeji lazima atusimulie jinsi mashine za idara zilivyokataa kupona kwa mkono wowote ila wake.

Niseme ukweli, nilimwonea huruma. Tangu astaafu alikuwa mtu wa kukaa kitini akisikiliza taarifa ya habari ileile mara tatu. Miezi hii minane ndiyo iliyompa tena sababu ya kunyoa ndevu. Toroli lile lingeondoka na yeye.

Jumamosi saa tano na nusu wazee walikuwa mbele ya kioo, wamevaa mashati ya harusini. Mwenye toroli alikuwa getini, amelikalia, anatafuna karanga. Dakika ya tisa. Dakika ya kumi. Daktari alimshika Mwalimu mkono. Dakika ya kumi na moja herufi zikaganda.

Shemeji akanyoosha mkono kuchomoa waya wa umeme, polepole, kwa adabu ya msibani.

Dada akatokea jikoni na sahani nane mikononi. Akatupia kioo jicho. Bila kuzitua sahani, akabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu kwa kidole kidogo, akalaza kiwiko juu ya kile kitufe kirefu cha chini, akahesabu moja, mbili. Herufi zikaendelea.

"Umefanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Inavimbiwa. Zote zilikuwa hivi tangu kiwandani, kila dakika ya kumi na moja. Mpiga chapa gani asiyejua?"

Yaani wiki tatu watu wazima wamekesha wakitibu ugonjwa ambao Marehemu alizaliwa nao! Kitabu cha mafundi hakikuutaja. Na fundi hutengeneza tu, haketi akaandika barua. Enzi zile za idara shemeji alikuwa akiizima, akiiwasha, akiridhika, akiondoka zake.

"Tumepatia mpaka kasoro!" Mwalimu alipiga kelele. Daktari alilia kweli, machozi yakaingia kwenye miwani.

Shemeji peke yake hakushangilia. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Kumbe dawa uliijua," alisema.

"Tuliijua wote wanne pale ofisini."

"Sasa mbona nilikuwa naitwa kila Jumanne?"

Dada akaziweka sahani chini. Ana miaka sitini na miwili, na sikuwahi kumwona akiona haya mpaka siku hiyo.

"Ungekuja kwa sababu gani nyingine? Ulikuwa huongei na watu wewe, unaongea na mashine."

"Na lile vumbi?"

"Vumbi gani? Nilikuwa nazifuta kila asubuhi. Halafu mkuu wa ofisi akakataza fundi asiitwe kwa kugoma tu, mpaka iharibike kweli. Wiki tatu hukuja. Ndiyo nikaimwagia chai."

"Ile chai!" Shemeji alisimama. "Mimi niliandika kwenye ripoti kwamba mpiga chapa ni mzembe!"

"Niliisoma. Ndiyo maana uliponiposa nikakuzungusha mwaka mzima." Akanigeukia mimi. "Mdogo wangu, kamwambie yule wa toroli aende zake."

Nilipofika mlangoni nilimsikia shemeji akisema taratibu, "Ilikuwa na sukari. Nilishinda siku nzima naikwangua."

"Vijiko sita," dada alijibu. "Nilitaka ukae mpaka jioni."