Kofia ya Nne

Majirani walimwita Mama Kofia, na jina lilimkaa. Mwanamke mmoja, kichwa kimoja, kofia nne za kiume kwenye misumari juu ya cherehani yake! Walioleta suruali za kupunguzwa walidhani zinauzwa. Wakauliza bei, wakajuta kuuliza.

Zilikuwa za mumewe, fundi wa kupaka rangi aliyeaga kwamba anakwenda kupaka hoteli mji wa pili, miaka thelathini na moja iliyopita, asirudi. Maiti haikuonekana, barua haikuja. Na mtu yule, ambaye hata chooni haendi bila kofia, siku hiyo alitoka kichwa wazi.

Mwaka wa kwanza, kwa upweke tu, Mama Kofia alijaribu ile ya majani. Ndani ilikuwa na joto, kana kwamba imevuliwa sasa hivi. Mara akajiona mwenyewe, kijana, ng'ambo ya meza, anamenya viazi huku akitazamwa kwa macho ya mumewe. Nywele zikamsisimka. Dakika chache, kwisha. Kofia ikapoa, na tangu hapo haikuwa kitu ila majani yaliyosukwa. Ya pili ikampa siku waliyohamia chumba kile; ya tatu, mvua fulani aliyokwisha kuisahau. Kila moja mara moja tu. Ya nne, pama nyeusi ya asubuhi ile ya mwisho, aliiogopa. Aliipiga brashi kila wiki bila kuthubutu kuivaa, na kila wiki aliikuta ina uvuguvugu.

Jumapili moja mchana binti yake, aliyezaliwa miezi miwili baada ya baba kutoweka, alikuja kumhamishia kwake.

"Mama, hiyo nyeusi nivae mimi."

"Thubutu! Hiyo ndiyo itakayoniambia alikokwenda."

"Wewe umempata mara tatu. Mimi sijampata hata mara moja."

Ilimuuma sana Mama Kofia, lakini mtoto alikuwa na haki. Akaitungua, akamvisha.

Kidole gumba cha binti kikaanza kukuna nyuma ya sikio, taratibu, kama alivyokuwa akikuna baba yake. Kisha akapiga magoti, akamwekea mama yake mdomo tumboni. Mama Kofia aliujua mkao ule. Asubuhi ile mumewe alipiga magoti hivyo hivyo, akamnong'oneza mtoto aliye tumboni, halafu akavua kofia, akaitundika, akatoka. Alichonong'ona hakukisikia. Alijiambia yalikuwa maneno ya mapenzi, akayaishi hayo miaka yote.

"Nisamehe, mwanangu," binti alisema, kwa sauti nzito isiyo yake. "Mama yako anadhani naenda kazini."

Kofia ikapoa. Binti akaivua.

"Alikuwa anakutazama usoni, mama."

"Mimi nilikuwa nafanya nini?"

Binti akamkumbatia magoti.

"Ulikuwa unacheka. Ulisema anakutekenya."