Tulivyokwenda Kupiga Njiwa wa Bosi

Mume wangu alimdanganya bosi wake kwamba kwao alikuwa mwanajeshi. Hakuwa. Alikuwa mgambo, tena mgambo wa uwanja wa mpira wa shule ya msingi, pale Morogoro tulipokulia sote wawili. Nina hakika kwa sababu nilimwona kwa macho yangu. Njia ya kwenda bombani ilipita ubavuni mwa uwanja ule, na kila jioni niliwakuta wanaume wazima, wengine wenye wake na vitambi, wanakimbia wameinama, kila mmoja ameshika bunduki ya mti aliyojichongea nyumbani. Bunduki za kweli tulizozijua zilikuwa za polisi, na moja ya mlinzi wa benki, ambayo mji mzima uliamini haina risasi. Basi mkufunzi alipopaza sauti "Piga!", kikosi kizima kilipiga kwa mdomo: "Pa! Pa! Pa!" Kuku walitawanyika. Aliyeambiwa "wewe umekufa" alilala chini mpaka filimbi ilipolia. Mume wangu alikufa vizuri kuliko wenzake wote, amejinyoosha, miguu pamoja, mikono kifuani, nami nilicheka mpaka nikamwaga maji ya ndoo. Ndivyo tulivyofahamiana.

Sasa marehemu huyo ndiye aliyekwenda kujipiga kifua mbele ya Mzungu wa Toronto.

Sababu ilikuwa kiti. Alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja la Downsview, na mgongo wake ulikuwa umekwisha. Tulikaa Etobicoke, kwenye jengo la ghorofa ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Kila jioni alilala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni, nami nikampaka mafuta ya karafuu huku akiguna na watoto wakimruka kwenda kuwasha televisheni. Kisha mzee aliyekuwa akilinda geti la ghala akastaafu. Pale getini palikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda kiti chenye mto, redio, na hita ndogo ya miguuni. Kazi ilikuwa kuandika namba za malori na kuinua kizuizi. Mume wangu alikiota kile kiti. Nilimsikia akikitaja usingizini, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi.

Bosi akatangaza kwamba kiti atampa mtu anayejua mambo ya ulinzi. Ulinzi wa nini, Mungu ndiye anayejua. Ghala lilikuwa la karatasi za chooni.

Bosi huyo alikuwa na dini yake, nayo ilikuwa bunduki. Miaka ile serikali ilikuwa imeleta sheria ya kusajili kila bunduki, naye alikasirika utadhani ameambiwa akamsajili mama yake mzazi. Saa ya chakula aliwahubiria wafanyakazi. Aliamini kwamba sisi tuliotoka nchi ambazo raia wa kawaida haruhusiwi kushika bunduki ni watu wa kuhurumiwa, hatujawahi kuonja uhuru, na dawa yetu ni kupelekwa shambani kwake kaskazini ya jiji tukafyatue kidogo. Alikwisha kumpeleka Mwingereza, Mjapani na Wahindi wawili, na kwa maneno yake wote walirudi nyuso zinang'aa. Babu zetu walifuatwa na wamisionari mpaka vijijini. Sisi tulijipeleka wenyewe, kwa ndege.

Tena mtu huyo huyo aliamini kwamba Afrika kila mtu ana bunduki. Kichwani mwake Afrika ilikuwa nchi moja, isiyokuwa na bunduki hata ya dawa, na yenye vita kila kona. Hakuona tatizo lolote hapo. Siku alipomuuliza mume wangu kama aliwahi kushika silaha kule kwao, mume wangu akakitazama kibanda cha geti dirishani, akasema ndiyo, alikuwa jeshini. Bosi akampiga bega. Akamwambia Jumamosi aje shambani na mkewe, wapige njiwa, naye ataona mwenyewe askari wa Kiafrika anavyolenga. Hapo mume wangu alijua mtihani wa kiti ni Jumamosi.

Nyumbani alisema neno moja tu: "Jumamosi tunakwenda kupiga njiwa."

Mimi mke wa nyumbani mwenye akili zangu nikaandaa sufuria kubwa, vitunguu, tangawizi, ndimu na mchele. Jirani yetu mmoja, mama wa Bukavu, kule Kongo, tuliyeimba naye kwaya, aliposikia habari ya njiwa aliomba nafasi garini. Hakuwa amekula njiwa tangu atoke kwao. Alivaa kitenge chake cha sikukuu.

Njiani mume wangu alinipa amri bila kuondoa macho barabarani.

"Mama watoto, leo usiseme neno juu ya uwanja wa mpira."

"Nisipoulizwa sitasema."

"Hata ukiulizwa."

"Na kupiga unajua?"

"Mafunzo ni yale yale," akasema. Nikatazama nje ili asione mdomo unavyonicheza. Nakiri nilikuwa naisubiri siku hiyo kwa hamu, maana wiki nzima alikuwa anatembea nyumbani kifua mbele, anawaamuru watoto kama yuko gwaride.

Bosi alitupokea amevaa koti lenye mifuko kila mahali, mpaka mgongoni. Juu ya meza ya mbao alikuwa amepanga bunduki zake kwa urefu, zimefutwa zinameta. Nikamuuliza njiwa wako wapi. Akacheka, akanipa kisahani cha udongo, rangi ya chungwa, kama cha kuwekea kikombe cha chai. Huyo ndiye njiwa. Mtambo unamrusha juu, wewe unampasua kwa marisau, zile risasi za chembechembe, basi, raha imekwisha.

Mama wa Bukavu alikigeuza kile kisahani, akakinusa.

"Mama, minatoka mbali vile juu ya kisahani?"

Bosi akataka kujua sufuria ni ya nini. Mume wangu, ambaye siku hiyo uongo ulikuwa umemzoea, akamjibu kwamba ni mila yetu. Bosi akaitazama sufuria kwa heshima kubwa.

Kisha akajaza bunduki, akapiga ya kwanza kutuonyesha. Mlio wenyewe ulinigonga kifuani. Nilipogeuka, mama wa Bukavu alikuwa amekwisha kurudi garini na kupandisha vioo vyote. Nikamfuata, nikamwambia kupitia kioo kwamba ni mchezo tu.

Akateremsha kioo kidogo. "Mchezo? Mais mama, ile mchezo ndiyo ilinitosha kwetu, nikakimbia na miguu. Mwende, miye nitabakia mu motokari."

Bosi aliuliza ana nini. Mume wangu akasema anasikia baridi. Bosi akaniambia nimweleze kwamba akijaribu mara moja tu, woga wote utamtoka. Sikumtafsiria. Nilimtazama yule mtu mnene, mwema, mwenye mifuko, nikafikiri kwamba hakuna mtu hatari kama anayetaka kukufurahisha kwa nguvu.

Zamu ya mume wangu ikafika. Tulivalishwa vifuniko vya masikio, akaelezwa kwamba akiwa tayari apaze sauti kwa Kiingereza, "Vuta!", na kisahani kitaruka. Akaipokea bunduki. Lazima niseme ukweli, alisimama vizuri. Mguu mmoja mbele, kitako cha bunduki begani, shavu limelala pale linapotakiwa. Hata mimi niliyekuja kucheka nilijiuliza kama nilichokiona Morogoro nilikiona sawasawa. Bosi alinikonyeza.

"Vuta!"

Kisahani kikaruka. Mume wangu akakifuata kwa mtutu, taratibu, bila kutetemeka, mpaka kilipofika juu kabisa. Halafu akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Pa!"

Bunduki ilikuwa kimya. Kisahani kikashuka kizima, kikalala kwenye majani.

Bosi alidhani bunduki imekwama. Akaichukua, akaikagua, akampasua njiwa mmoja kuhakikisha, akairudisha mkononi mwa mume wangu. Mara ya pili nilimwona amebana midomo mpaka imekuwa mstari. Akasema "Vuta", kisahani kikaenda, kidole chake kikagoma. Kilikaa pale kwenye chuma kama si chake. Na mdomo uliobanwa vile ukafunguka wenyewe, ukasema "pa", kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi.

Bosi alicheka. Alishika magoti, akajipangusa macho kwa kofia. "Jeshi gani hilo? Jeshi gani?"

Mimi sikucheka. Wiki nzima nilikiandaa kicheko changu, na sasa hakikuja. Mume wangu alikuwa ameiweka bunduki mezani polepole, mtutu umeelekea upande usio na watu, kama alivyofundishwa kwa ile bunduki yake ya mti, na mkono wake mmoja umekwenda nyuma kushika kiuno kinapouma. Niliona kiti kinaondoka. Nilimwonea huruma, na hasira yote niliyokuwa nayo kwa uongo wake ikahamia kwa mwenye shamba.

"Jeshi letu," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. "Sisi tulipigana hivyo hivyo. Jioni wote tulirudi nyumbani kula."

Nyuma yetu kioo cha gari kilikuwa kimeteremka. Mama wa Bukavu alikuwa ametoa kichwa chote nje, anacheka mpaka kilemba kimemwanguka. "Pa!" akasema, akimwonyesha mume wangu kidole. "Huyu ndiye soda, askari wa kweli! Wangekuwa wote vile!" Sikuwahi kumwona akicheka namna ile, na sikumwona tena.

Tulipika wali mtupu kwenye jiko la bosi, tukala na soseji zake.

Jumatatu mume wangu alipewa kiti. Bosi alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasimulia tangu mwanzo, kwa vitendo, na kumalizia kwamba mtu asiyeweza kumwua hata kisahani hatamletea matatizo getini. Watu walipiga makofi. Kuanzia asubuhi ile kila dereva wa lori aliyefika kwenye kizuizi alitoa mkono dirishani, akanyoosha kidole, akasema "Pa!" Mume wangu alitakiwa kutabasamu na kujibu "Pa!" ndipo ainue kizuizi. Wengine walikuwa vijana wa rika la wanafunzi. Wengine walirudia wakati wa kutoka, wasije wakaonekana hawana adabu.

Mgongo ulipona kabla theluji haijayeyuka. Hita ile ilikuwa ya kweli, na mto wa kiti ulikuwa wa kweli. Nyumbani nami niliacha kusimulia wageni jinsi tulivyofahamiana. Zamani ndiyo hadithi niliyoipenda kuliko zote, na yeye ndiye aliyeimalizia kwa kulala chini amekufa. Mara ya mwisho nilipoanza kuutaja uwanja wa mpira, alinyanyuka akaenda kuosha vyombo.

Lakini jioni aliendelea kulala kifudifudi pale pale kwenye zulia. Nilidhani ni mazoea. Siku moja nikamuuliza kama mgongo umerudi. Akasema hapana, mgongo sasa ni mzima.

"Sasa nikupake wapi?"

"Leo malori yalikuwa mengi," akasema. Nikafungua chupa, nikampaka pale pale.