Ndagala zilizong'aa nikiwa nimefunga macho

Wapendwa, leo nilifikiri ninapofuka!

Nilikuwa ninageuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zikauke kwenye muchanga, mutoto mugongoni. Zikaanza kung'aa kama vioo vilivyopasuka.

Nikasema ni jua tu. Nikafunga macho.

Bado zinang'aa!

Nikamuleta mutoto mbele: nusu ya uso wake siioni. Nililia, eh!

Mama mukwe akanivuta mpaka kwa munganga wa hospitali. "Papa, mutazame, mutoto wake bado ananyonya!"

Munganga akanifunika jicho moja, kisha lingine. Mwangaza ni ule ule.

"Mama, macho yako ni mazima. Ni kipandauso, kinaanzia kwenye ubongo. Mwangaza utapita."

Na umepita! Kichwa kinagonga, lakini ninacheka.

Wamama wenzangu, imewahi kuwapata? Niandikieni.

Mimi ninaangalia jino la kwanza la mutoto. Limetoka upande ule uliokuwa umepotea.