Barua Iliyomsalimu Mzee Ndaki

Mzee Ndaki wa Didia alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani. Barua pepe aliijua uzeeni, akifundishwa na Rushabh, mwenye duka la simu pale Isaka. Hakuitafuta kwa anasa. Mwanawe wa pekee, Masele, alikuwa akichimba shaba Kongo, akibadilisha laini kila mara, na njia ya kumpata ilikuwa hiyo tu. Kila Jumamosi iliingia barua moja, naye Ndaki alimsomea mkewe Asteria kwa sauti huku mama huyo akipepeta mtama.

Siku moja ikaja barua isiyotoka kwa Masele. Ilianza, "Shikamoo mzee wetu," ikaeleza kwamba sanduku lake la barua litafungwa asipojitambulisha upya: jina lake, la baba, la babu, watu wa upande wa mama, alikozaliwa, na neno la siri analofungulia.

Mtu wa leo angeifuta. Ndaki alilelewa wakati ambapo mgeni wa njiani alikuuliza wewe ni mwana wa nani, nawe ukasimama ukamtajia wazee wako mmoja mmoja. Aliyeficha ukoo wake alidhaniwa mchawi, au mwizi wa ng'ombe. Kwa hiyo akaandika "Marahaba", kisha akaandika yote. Baba yake Bujiku. Mama yake Limi, na walikotoka watu wake. Akaongeza hata rangi za ng'ombe aliowatoa mahari ya Asteria, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Neno la siri akaliweka mwisho, chini ya jina lake.

Jumamosi sanduku likakataa kufunguka. Akapanda basi kwenda Isaka.

"Mzee wangu," Rushabh alisema, "mtu usiyemjua akikuomba ufunguo wa nyumba, unampa?"

"Alibisha hodi kwa adabu."

"Wezi wa siku hizi wote wana adabu. Wanaonitukana ni wateja wangu tu."

Alihangaika na simu ya mzee hadi saa nane mchana, kisha akairudisha mezani. "Wameshabadilisha kila kitu. Neno la siri usimpe yeyote tena, hata akijiita kampuni, hata akijiita mimi. Kampuni yenyewe ya barua haina haja ya kukuuliza."

"Sasa mwanangu atanipataje?"

Anwani ya Masele ilikuwa mle sandukuni; kichwani Ndaki hakuwa nayo.

Baada ya miezi miwili alifika Didia dereva wa malori ya Kongo, Theonest, rafiki wa Masele. Alikataa kiti.

"Mzee, Masele anasema pesa ya matibabu ya mama ameshatuma mara mbili. Ya tatu hana. Anaomba usimwandikie tena."

Asteria, ambaye mwaka mzima hakuumwa hata kichwa, aliweka ungo chini.

Theonest akaitoa kwenye simu yake barua yenyewe ya kuomba pesa, aliyopewa na Masele. Ndaki akaisoma. Alimkuta humo Bujiku, akamkuta Limi, akawakuta na ng'ombe wake wekundu, wote wamesimamishwa kumwombea pesa kwa mtoto.

"Sikuandika mimi."

"Nitamwambia. Lakini akiniuliza nimejuaje?"

Ndaki akatafuta neno ambalo mwizi hakulijua. Majina alikuwa ameshayatoa. Utani wao, surua ya utotoni, siku mtoto alipopotea na ndama hadi Mwakitolyo, vyote alikuwa amevikumbushia katika barua za miaka mitatu, na barua zilikuwa mle sandukuni. Akabaki baba asiye na siri hata moja na mwanawe.

Mwishowe, kwa kuwa laini ya Masele haikupatikana, Theonest akawasogezea simu irekodi sauti zao. Ndaki alisema kwa Kisukuma, polepole. Asteria akasema kidogo, akalia.

Theonest alirudi mpunga ukiwa umeshavunwa.

"Alisikiliza?" Ndaki aliuliza.

"Yote, mzee."

"Akasema nini?"

"Kwamba wezi wa siku hizi wanatengeneza hata sauti. Akatupa laini siku ileile, na pale mgodini hayupo tena. Sijui alikoelekea."

"Hata sauti yangu hakuijua?" Asteria aliuliza.

"Hata yako, mama."

Asteria akauliza kama mwanawe amekonda.

"Kidogo," alisema Theonest.