Sahihi ya Junia

Delmer Ray Hutto Junia alifika miaka hamsini na mbili akiwa ameingia mahakamani mara moja tu, tena kwa kutumwa na baba yake. Miaka thelathini alikata kuku vipande kiwandani, kanisani hakukosa, na mtu hakuwahi kusikia akipaza sauti. Upole huo hakuzaliwa nao. Baba yake, Mzee Hutto, alimtandika kwa mkanda mpaka ukamwingia.

Binti yake Carleen alipokufa ajalini mwezi wa pili, alimwacha Josie, mtoto wa miaka sita, na Junia akaomba kumlea mjukuu wake. Ofisi ya watoto ilimpeleka Josie kwa watu baki kaunti ya jirani wakati rekodi za babu zikichunguzwa. Barua ilirudi na mstari mmoja: kosa la jinai, mwaka 1991, kumjeruhi mtoto.

Junia alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Wametuchanganya tena, alijiambia. Baba na mwana walikuwa jina moja herufi kwa herufi, ila mwana aliongezewa Junia, yaani mdogo, na tangu zamani hata dawa zao zilichanganywa. Akaomba ruhusa kazini, akaenda mahakamani.

"Kompyuta ya umma ile pale," alisema Bi Verlene, karani. "Andika jina la ukoo, halafu majina yako, na tarehe ya kuzaliwa usiisahau, maana akina Hutto mmejaa hii kaunti kama kupe."

Aliandika. Kesi ikatokea, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yake.

"Wamekosea, Bi Verlene."

"Basi nakili namba ya kesi kwenye fomu hii uombe jalada lenyewe. Hiyo kompyuta inakupa kichwa tu, kiwiliwili kiko stoo. Ukiona bado siyo wewe, nenda kwa sherifu uchukuliwe alama za vidole, zipelekwe jimboni zilinganishwe. Jina lenu mnalo wawili, lakini vidole kila mtu na vyake."

Jalada lilikuwa karatasi tano. Mtoto wa kiume, miaka minne, mwana wa mwanamke aliyekuwa akiishi na Mzee Hutto, mkono umevunjwa mahali pawili. Wito wa mahakama ulimtaja Delmer Ray Hutto, bila kusema mkubwa wala Junia. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya kukiri kosa. Chini yake palikuwa na sahihi yenye ile D iliyolala upande, D yake mwenyewe, na alama kumi za vidole. Hapakuwa na haja ya kwenda kwa sherifu.

Alikumbuka vizuri. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na baba alimwambia, "Nenda kanisainie, ni faini ya yule kulungu niliyempiga risasi nje ya msimu wa kuwinda. Mimi niko zamu. Jina ni lile lile, nani atajua?" Hakimu alisoma namba ya kifungu, wakili wa zamu akamnong'oneza aseme ndiyo, naye akasema ndiyo, bwana. Baba aliilipa faini siku hiyo hiyo, na Junia, mjinga huyu, akaisimulia miaka na miaka kama wema wa mzee.

Alimkuta mzee barazani akimenya karanga za kuchemsha.

"Baba, ulijua."

"Nilijua nini, we mwanamke?"

"Yule mtoto. Mkono wake. Ulinifanya mimi nikiri."

"Jina nilikupa mimi. Nimeliazima siku moja tu, unanililia miaka thelathini?"

"Wamenichukulia Josie!"

"Si wamlete hapa! Mimi rekodi yangu nyeupe pee. Kaitafute." Akacheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni.

Na mzee hakuwa akitania. Wiki iliyofuata Bi Ladonna wa ofisi ya watoto alimwita Junia, uso wote tabasamu.

"Baba yako ameomba kumlea Josie. Tumemchunguza jina, tarehe na vidole, hana doa. Tunataka sahihi yako tu, kwamba hupingi."

Junia akamweleza yote. Bi Ladonna akaacha kutabasamu.

"Kwa hiyo uliidanganya mahakama?"

"Sikujua, mama. Vidole ni vyangu. Aliyemvunja mtoto ni yeye."

"Karatasi inasema ni wewe. Na usipokubali, Josie ataasiliwa na wale wale anaokaa nao sasa, na wewe kwa rekodi hii hutaruhusiwa kumwona. Kwa baba yako ungemwona kila siku. Fikiri vizuri."

Aliutazama mgongo wa mkono wake, pale chuma cha mkanda wa baba kilipoacha kovu. Alimtaka Josie kuliko pumzi, na alimjua baba yake. Akaandika: NAPINGA. Chini akaweka sahihi, Delmer Ray Hutto, kisha taratibu, kwa herufi kubwa, akaongeza neno ambalo mwaka ule hakuliandika: JUNIA.

Bi Ladonna aliitia karatasi kwenye faili. Akamwomba kesho alete kiti cha Josie cha garini, maana wale watu wa kaunti ya jirani watakihitaji.