Jiwe la Mama Mkwe Lililosaga Kamera

Mama mkwe wangu wa Kisesa alizeeka bila picha hata moja. Mama yake naye alizikwa bila picha, sura ikapotea kabisa. Wajukuu wakiuliza bibi alikuwaje, mzee mmoja anasema mweupe, mwingine anasema mweusi tii, wa tatu anaapa kwamba alikuwa na ndevu. Hilo lilimuuma sana mama mkwe. Siku moja akamtuma mke wangu kwangu mjini na maneno haya: "Mwambie mumeo anitoe picha, uso peke yake, wajukuu waje wanione mpaka makunyanzi. Kama hawezi aseme, nimwite mpiga picha wa Magu."

Wa Magu! Afadhali angenitukana. Maana wakati naposa, kazi yangu ikiwa tayari ni kupiga picha, huyu mama ndiye aliyeuliza, wazee wote wakisikia, "Huyo kijana anachunga ng'ombe, au anachunga vivuli tu?" Nilitoa ng'ombe, wengi mpaka barabara ya Musoma ikafungwa kutwa nzima, mabasi yakalala. Lakini lile neno la vivuli halikufutika. Akija wa Magu, mimi kwa wakwe nimekwisha.

Sasa ugumu ulikuwa hapa. Kwetu Wasukuma mama mkwe hasogelewi. Ukikutana naye njiani, wewe unaingia porini kushoto, yeye anaingia kulia, njia inabaki na mbuzi. Nilikuwa na miaka tisa ya ndoa, na mama mkwe nilimjua kwa kisogo na kikohozi. Nikifika Kisesa nakaa kwenye mlango wa zizi, yeye anakaa mlangoni kwake, hatua arobaini, na mke wangu anabeba maneno kwenda na kurudi, ingawa sote tunasikia kila kitu. Haya niambie, uso wa mtu unautoaje kwa hatua arobaini? Kwa lenzi ya kawaida anatoka mdogo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Tena hata hiyo lenzi ya kawaida sikuwa nayo nzima. Kamera yangu ilikuwa ya Kirusi, ya zamani, nzito hivi kwamba nikiivaa nilitembea nimeinama kama mtu aliyedondosha shilingi. Mwili wake ulikuwa haufi. Iliwahi kuzama ziwani, nikaivua baada ya siku mbili na sato mdogo ndani, nikaianika, ikaendelea na kazi. Ila lenzi yake ililiwa na ukungu wa unyevu wa ziwa, na kila niliyempiga akatoka kama amekaa ndani ya maziwa ya mgando. Bibi harusi mmoja wa Mirongo alinifuata na mwiko.

Bahati nzuri ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje ilikuwa imeingia. Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuja Mwanza: ndege zikija kubeba minofu ya sangara, marobota ya mitumba yakimwagwa chini, mpaka makoti ya barafu ambayo ukiyavaa Mwanza unachemka kama kiazi. Muuza mitumba mmoja pale Mirongo alikuta kwenye mfuko wa koti kama hilo bomba jeusi lenye vioo.

"Hii ni darubini ya mtu mwenye chongo," akaniambia.

Nikaichungulia. Moyo ukanipiga mpaka vifungo vya shati vikacheza. Lenzi ya Kijapani! Ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, haina hata mkwaruzo. Nikampa redio yangu nikakimbia kabla hajapata akili.

Lakini haikuingia. Lenzi ya Mrusi unaikaza kwa kuizungusha kama mfuniko wa chupa. Ya Mjapani ina meno matatu, unaisukuma, unaipindua kidogo, inalia "ta!" imekaa. Hawa wawili hawaoani mpaka awepo mshenga katikati. Na mshenga wa lenzi ni pete: upande mmoja ina nyuzi kama za skrubu, za kujikaza kwenye kamera, upande wa pili ni bapa, inafungwa kwa skrubu tatu kwenye kitako cha lenzi.

Nikaenda kwa fundi wa injini za boti, mwenye mashine ya kukereza vyuma. Nilimpelekea bushi, bomba fupi nene la shaba, iliyotoka kwenye shafti ya boti bovu.

"Mimi nakereza vyuma vya wanaume," akasema, "wewe unaniletea pete ya bibi harusi?"

"Bibi harusi mwenyewe Mrusi, fundi. Ana shingo nene."

Akacheka, akakereza. Siku tatu. Jioni ya tatu pete ikaingia, lenzi ikakaa, nikamlenga fundi mwenyewe ng'ambo ya meza. Wallahi nilihesabu vinyweleo vya pua yake, kumi na saba, na kimoja kilikuwa na mvi. Nikatoka nikitangaza mtaa mzima kwamba Mwanza yote hakuna jicho kama langu, na nikampelekea salamu mama mkwe: Jumapili nakuja, oga.

Jumapili ukoo mzima ulikuwa umejaa. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda mlangoni, kanga mpya, amejipaka mafuta anang'aa. Mimi kwenye mlango wa zizi. Nikainua kamera kwa madaha, nikafumba jicho moja.

Ukungu. Nikazungusha lenzi mpaka mwisho wake. Ukungu mtupu. Mama mkwe alikuwa wingu lenye kanga.

Nikasogea hatua tano. Naye, kwa heshima, akabeba kigoda akarudi nyuma tano. Nikasogea kumi, akarudi kumi. Mimi mbele, yeye nyuma, tukaizunguka nyumba, tukapita jikoni, mpaka mgongo wake ukagonga ghala la mtama.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kulala, akapaza sauti: "Shemeji! Unampiga picha au unamchunga?"

Watu wakaanguka chini kwa kucheka. Nikarudi zizini na jasho la kuoshea sufuria, naye akarudisha kigoda mlangoni. Nikasikia mama mkwe akimwambia mke wangu taratibu, "Wa Magu anakaa wapi hasa?"

Hapo akili ikanirudi. Mzee aliyenifundisha picha alikuwa akisema: lenzi ikikaa mbali na mkanda wa picha ulio ndani ya kamera inaona vya karibu tu, isogeze kwa mkanda, itaona vya mbali. Na mimi, mjinga, nilikuwa nimeijaribu mezani kwa fundi, hatua mbili! Pete ilikuwa nene kama chapati ya mgahawani. Ilimsukuma Mjapani mbali na mkanda, zaidi ya hatua nane hamjui mtu. Dawa ilikuwa kuikondesha ile pete. Lakini kwa tupa gani, Kisesa, siku ya Jumapili?

"Mke wangu," nikasema, "naomba jiwe bapa. Lolote."

Kabla hajainuka mama mkwe alishasikia. "Mwambie kuna jiwe la kusagia," akasema. Mke wangu akashika lile la zamani, lililochimbika katikati kama mtumbwi. "Si hilo! Mpe jipya. Lile bado liko sawasawa, sijalisagia hata punje."

Jiwe jipya la mwanamke! Hata binti zake walikuwa hawajaligusa. Likaletwa na wanawake wawili wakaliweka mbele yangu. Nikafungua skrubu tatu kwa ncha ya kisu, nikamwaga mchanga na maji, nikapiga magoti, nikaanza kusaga pete upande wa bapa.

"Jamani njooni muone!" shemeji akaita. "Mwanamume anasaga!"

"Subiri, shemeji," nikamwambia, "ugali ukiiva wewe ndiye utaosha sufuria."

Nikasaga. Kila nikivuta mara kumi naigeuza pete robo, isije ikaliwa upande mmoja, maana ikikonda upande mmoja picha nayo inatoka nusu mtu nusu uji. Jiwe likawa la njano. Vidole vyangu vikaisha alama, mpaka leo nikiweka dole gumba kwenye karatasi inabaki nyeupe. Nikaifunga, nikaangalia: naona mbuzi wa hatua kumi na mbili. Nikasaga tena. Naona kuku katikati ya uwanja. Nikasaga tena, jua linaanza kulala, watu wamechoka kucheka. Na mama mkwe hakuondoka kwenye kigoda. Saa zote zile hakwenda hata kunywa maji.

Mara ya saba nikainua kamera, nikazungusha polepole.

Akaja. Nakwambia alikuja mwenyewe mpaka ndani ya jicho langu. Baada ya miaka tisa, ndiyo mara ya kwanza namwona mama mkwe wangu. Kumbe ana mwanya, uleule wa mke wangu! Kumbe ana kidoti chini ya jicho, kilekile alichozaliwa nacho binti yangu, na sisi nyumbani tunagombana kimetoka upande gani. Nikapiga tatu.

"Amemwangalia mama usoni!" shemeji akaropoka.

Mama mkwe akamwambia mke wangu, lakini kwa sauti ya kufika Magu: "Mwambie kaka yako, heshima ni ya miguu. Miguu ya mkwe wangu iko zizini."

Picha niliisafisha mwenyewe mjini, nikaikuza ikawa kubwa kama dirisha. Nikaipeleka Kisesa, nikakaa mahali pangu, mke wangu akaingia nayo ndani. Nikasubiri, nikahesabu ng'ombe wote wa zizi mara mbili. Nikawaza, basi tena, amejiona kazeeka amekasirika.

Halafu kikatoka kigelegele, kimoja, cha mtu mzima. Na kwa mara ya kwanza tangu nioe, maneno yakanijia bila kubebwa na mtu:

"Mkwe! Kwa nini hukuniambia kanga imekaa upande?"

Nikatazama chini kwa heshima nikacheka mpaka machozi.

Lile jiwe hakulisagia mtama kamwe. Alilisimamisha kando ya mlango na unjano wake wa shaba, chini ya picha, na mgeni akifika, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, anaonyeshwa. "Wenzangu wakwe zao wanawaletea sukari," anasema. "Wangu alisaga kamera hapa hapa."